Mbunge Wetu na Bunduki ya Taifa

Hotuba iliyotolewa mjini Nakuru mbele ya wapenda mageuzi, wachungaji na waumini wa makanisa mbalimbali. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria.



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu. Zikitajwa barabara, shule, mbolea na hospitali, kila mtu ana la kusema. Likitajwa jeshi, sauti hushuka, mzee mmoja hukohoa, na mwingine husema, "Hayo tuwaachie wenyewe." Leo tunauliza: hao wenyewe ni akina nani?

Katika usharika wetu yumo mama mmoja ambaye hatutamtaja kwa jina. Mwanawe ni mwanajeshi, na wakati mmoja alipelekwa nje ya mipaka yetu. Mama huyu alitaka kujua mambo matatu tu: mwanawe amekwenda kufanya nini, atarudi lini, na akirudi na jeraha ni nani atakayemtunza. Alikwenda kwenye ofisi moja akaelekezwa kwa nyingine, na huko akaambiwa kwamba hayo ni siri za serikali. Jumapili moja baada ya ibada alitushika mkono akatuuliza, "Sasa nimuulize nani?"

Hotuba hii ni jibu letu kwake. Mama, muulize Mbunge wako. Naye akikosa jibu, ujue kwamba hakuuliza siku ile sheria ilipomtaka aulize.

LANET ILITUFUNZA NINI

Sisi wa Nakuru hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta mfano. Kambi ya Lanet iko mlangoni petu. Gilgil iko njiani kuelekea Naivasha. Watoto wa wanajeshi husoma na watoto wetu, wake zao huuza na kununua nasi sokoni, na wazee waliostaafu jeshini wameketi katika viti vyetu vya kanisa. Jeshi kwetu si habari ya gazetini. Ni jirani.

Na ilikuwa Lanet, usiku wa tarehe 24 Januari 1964, ambako askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi. Uhuru ulikuwa na umri wa siku 43. Siku nne kabla ya hapo, askari wa Tanganyika walikuwa wameasi; na siku moja kabla, wenzao wa Uganda kule Jinja. Askari wa Lanet walikuwa na manung'uniko mawili makubwa: mishahara, na maafisa Wazungu walioendelea kuwaamuru kana kwamba bendera haikubadilishwa. Walitarajia kusikia neno la matumaini kutoka kwa Waziri Mkuu, Jomo Kenyatta, wasilisikie. Serikali ikalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Gilgil waje kuwatuliza wanajeshi wa Kenya. Waasi wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na kikosi chao kikavunjwa. Mwaka huohuo Kenya na Uingereza zikaafikiana juu ya ushirikiano wa kijeshi, na hadi leo wanajeshi wa Uingereza hufanya mazoezi katika ardhi yetu.

Tafakarini jambo hilo, ndugu zetu. Maasi yale yalianza na mshahara. Na mshahara wa askari ni jambo la bajeti, na bajeti ni kazi ya Bunge. Lau kungekuwa na Mbunge aliyesimama mapema kuuliza askari huyu analipwa kiasi gani, anaongozwa na nani na kwa mpango gani, huenda risasi zisingelia Lanet usiku ule. Hatusemi hivyo ili kuyatetea maasi. Bunduki ya taifa haielekezwi kwa taifa. Tunasema tu kwamba swali lisiloulizwa Bungeni huja kuulizwa kambini, na likiulizwa kambini huulizwa kwa mtutu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Waumini watakumbuka kwamba askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, aliwaonya juu ya kudhulumu watu, na papo hapo akataja mishahara yao. Aliona kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Askari aliyetunzwa kwa haki na kuwekewa mipaka ya haki ni mlinzi. Askari asiyetunzwa na asiye na mipaka ni hatari kwake mwenyewe na kwetu sote.

ENZI YA KIMYA

Katika enzi ya chama kimoja, fungu la ulinzi lilipita Bungeni kama gari la mkubwa lipitavyo barabarani: watu husimama kando, wakapunga mikono, likaenda zake. Kuuliza juu ya jeshi kulionekana kama uhaini, hasa baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982.

Hata hivyo walikuwapo wachache waliothubutu. Mnamo Februari 1984, katika operesheni ya usalama Wajir, wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi hawakutoka wakiwa hai. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Mbunge Ahmed Khalif alisimama katika Bunge lile la chama kimoja akayasema yale ambayo serikali haikutaka yasemwe. Hakuwa na Katiba ya kumkinga kama hii tuliyo nayo. Alikuwa na kiti chake, sauti yake na dhamiri yake tu. Tunalitaja jina lake ili Mbunge wa leo, mwenye ulinzi wote wa sheria, asituambie kwamba aliogopa.

Hapa kwetu, mapigano ya kikabila yalipoteketeza Molo, Olenguruone na kwingineko kuanzia 1991 na 1992, ni makanisa yaliyofungua milango kuwapokea waliofukuzwa. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Jimbo la Nakuru alisema wazi wakati wengi walinyamaza. Na Januari 2008, moto ulipowaka tena Nakuru na Naivasha, tuliwaona wanajeshi barabarani na helikopta angani. Wengi wetu tulishukuru siku ile, maana barabara zilifunguliwa na watu wakaokoka. Lakini wengine wetu tulijiuliza: aliyewatoa kambini leo kutuokoa, kesho akiwatoa kutuponda, atamwomba nani ruhusa?

Swali hilo lilijibiwa miaka miwili baadaye.

KATIBA INASEMAJE

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilimweka Mbunge mahali ambapo hakuwahi kuwapo. Tuyapitie mambo haya polepole, maana asiyejua haki yake hunyang'anywa akiwa macho.

Kwanza, Kifungu cha 238 kinaweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na ya Bunge. Kifungu cha 239 kinasema vyombo vyote vya usalama viko chini ya mamlaka ya kiraia. Jeshi halijitumi lenyewe.

Pili, Rais hawezi kutangaza vita bila idhini ya Bunge.

Tatu, kwa mujibu wa Kifungu cha 240, Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi nje ya nchi kwa shughuli za kulinda amani, na linaweza kuruhusu majeshi ya kigeni kuingia nchini, lakini kwa idhini ya Bunge. Baraza hilo pia linatakiwa kuleta Bungeni kila mwaka taarifa juu ya hali ya usalama.

Nne, na hili ndilo linalotugusa sisi wa Bonde la Ufa kuliko yote, Kifungu cha 241 kinasema Majeshi ya Ulinzi yanaweza kutumwa kurejesha amani katika sehemu yoyote ya Kenya yenye machafuko pale tu ambapo Bunge la Taifa limeidhinisha. Kwa maafa kama mafuriko, jeshi linaweza kusaidia, na taarifa ikatolewa kwa Bunge.

Tano, hakuna senti moja inayotoka katika mfuko wa taifa kwa ajili ya bunduki, gari la deraya, ndege au sare bila Bunge la Taifa kuigawa. Na baada ya kutumika, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua na kuleta ripoti yake mbele ya Wabunge hao hao.

Kwa maneno mengine, Mbunge ameshika funguo mbili. Mmoja ni wa lango la kambi: askari wasitoke kwenda vitani au mitaani mpaka yeye na wenzake waridhie. Wa pili ni wa sanduku la fedha: silaha isinunuliwe mpaka yeye na wenzake wakubali. Si yeye anayeamuru majeshi, wala hachagui shabaha. Tena ole wetu Mbunge akigeuka dalali wa wauza silaha. Kazi yake ni kuuliza, kukubali au kukataa, na kuhesabu. Alipewa funguo hizo kwa sababu sisi tulimpa kura.

RUHUSA INAYOKUJA NYUMA YA SAFARI

Je, funguo hizo zimetumikaje? Tuangalie matukio manne, bila chuki na bila upendeleo.

Mnamo Oktoba 2011, Majeshi yetu yaliingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, baada ya watu kutekwa nyara na kuuawa katika ardhi yetu. Sababu ilieleweka, na nchi iliwaunga mkono vijana wake. Lakini walivuka mpaka kwanza. Bunge lilikuja kuidhinisha wajiunge na kikosi cha Umoja wa Afrika mwezi Desemba. Tangu wakati huo kikosi hicho kimebadilishwa jina mara mbili, na miaka imepita zaidi ya kumi. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilivamiwa, na familia nyingi, nyingine zao katika Bonde hili la Ufa, zikapokea majeneza. Kwa muda mrefu wazazi walisikia idadi za waliokufa kutoka kwa vyombo vya habari vya nje kuliko kutoka kwa serikali yao. Bunge ambalo halikuuliza mwanzoni "mtarudi lini?" lilipata shida kuuliza baadaye "wamerudi wangapi?"

Mnamo Novemba 2022, wanajeshi zaidi ya 900 walitumwa mashariki mwa Kongo wakiwa sehemu ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rais aliwakabidhi bendera tarehe 2. Bunge la Taifa likaidhinisha tarehe 9. Wakaanza kutua Goma tarehe 12. Gharama iliyotajwa kwa miezi sita ya kwanza ilikuwa shilingi bilioni 4.4. Desemba 2023 kikosi kilikuwa kimeondoka, nayo serikali ya Kongo ikiwa imelalamika kwamba hakikufanya ililotarajia. Mwaka 2025 mji wa Goma ukatwaliwa na waasi wa M23. Hatuwalaumu askari wetu kwa hilo, walikwenda walikotumwa. Tunauliza kama kuna Mbunge aliyesoma mpaka mwisho karatasi iliyoeleza wanakwenda kufanya nini.

Mnamo Februari 2023, wizi wa mifugo na mauaji yalipozidi Baringo, Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Samburu na Laikipia, Wizara ya Ulinzi ilitangaza tarehe 13 katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jeshi limetumwa kuwasaidia polisi. Bunge la Taifa liliidhinisha siku mbili baadaye. Ndugu zetu wa Baringo walilia kwa miaka, na msaada ulipokuja walishukuru. Hilo hatulikatai. Lakini hata msaada una mpangilio wake.

La nne ni la tarehe 25 Juni 2024. Vijana walikuwa wameingia barabarani kote nchini, Nakuru pia, wakipinga Mswada wa Fedha. Siku ile baadhi yao waliuawa, na Bunge lenyewe likavamiwa. Siku hiyohiyo tangazo la kulitoa jeshi likachapishwa. Wabunge waliidhinisha kesho yake. Chama cha Mawakili kikaenda Mahakama Kuu. Tarehe 27 Mahakama iliacha jeshi libaki, lakini ikaiamuru serikali ieleze, katika muda wa siku mbili, jeshi litafanya kazi gani, wapi, na kwa muda gani.

Lisikieni jambo hili vizuri. Mambo ambayo Jaji aliitaka serikali iyaeleze ndiyo yaleyale ambayo Mbunge angepaswa kuyauliza kabla ya kuinua mkono. Kazi gani? Wapi? Kwa muda gani? Ndiyo pia maswali ya yule mama wa usharika wetu. Mama asiyesomea sheria na Jaji wa Mahakama Kuu waliuliza swali moja. Aliye katikati yao, mwenye mshahara wa kuliuliza, alinyamaza.

Katika yote manne, ruhusa ilikuja nyuma ya safari. Na ruhusa inayotolewa baada ya safari kuanza ni pole tu, maana maji yakimwagika hayazoleki. Mbunge gani atasema hapana wakati vijana wako tayari katika uwanja wa vita? Ndiyo maana Katiba iliweka idhini mbele.

Tuseme pia lililofanywa vizuri, maana haki haina upande. Mwaka 2024 Kamati ya Bunge ya Ulinzi, Ujasusi na Mambo ya Nje, iliyoongozwa na Mbunge wa Belgut, jirani yetu wa Kericho, ilikwenda Laikipia na Samburu kuwasikiliza wananchi wanaolalamikia mwenendo wa wanajeshi wa Uingereza wanaofanya mazoezi huko. Raia waliketi mbele ya Wabunge wakasema ya moyoni. Kumbe inawezekana! Kumbe mambo ya jeshi yanaweza kusemwa hadharani, mbele ya akina mama na wachungaji, na nchi isianguke.

SIRI NA KIFICHO

Sasa tuje kwenye fedha. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26, Majeshi ya Ulinzi yalitengewa takriban shilingi bilioni 200. Hatusemi ni nyingi mno wala chache mno. Nchi iliyopakana na Somalia na Sudan Kusini haiwezi kulala mlango wazi. Tunauliza tu: ni nani kati yetu aliyewahi kumsikia Mbunge wake akizieleza fedha hizo katika mkutano wa hadhara, kama aelezavyo fedha za basari?

Tutaambiwa, "Ni siri ya jeshi." Tunakubali kwamba jeshi lina siri. Doria itapita njia gani usiku, hilo ni siri. Silaha fulani imewekwa wapi, hilo ni siri. Lakini kampuni iliyolipwa ni ya nani, kifaa kilifika au hakikufika, bei ilikuwa mara ngapi ya bei ya soko, hiyo si siri. Hicho ni kificho. Siri humficha askari asionekane na adui. Kificho humficha mwizi asionekane na mwenye mali.

Tumeonja uchungu wa kificho. Mikataba ile inayojulikana kwa jina la Anglo Leasing ilikuwa 18, yote ikihusishwa na usalama, na thamani yake ilizidi shilingi bilioni 50. Ilijificha chini ya mwavuli wa usalama wa taifa hadi mwaka 2004, Mbunge wa Ntonyiri, Maoka Maore, alipoweka nyaraka mezani Bungeni. Mbunge mmoja, karatasi chache, na mwavuli ukafunuka. Baadaye Kamati ya Hesabu za Serikali ilisafiri hadi London kumhoji John Githongo, aliyekuwa amejiuzulu wadhifa wake wa kupambana na ufisadi. Meli ya jeshi la majini, Jasiri, iliyoagizwa mwaka 2003 na kuhusishwa na mikataba hiyo, ilifika Mombasa mwaka 2012. Miaka tisa ya kungoja meli iliyonunuliwa kwa kificho!

Majirani zetu nao wamefunzwa. Uganda ilitumia zaidi ya dola milioni 700 kununulia ndege za kivita, na Bunge lao likaombwa mwaka 2011 liidhinishe fedha zilizokwisha kutoka. Tanzania ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza kwa bei iliyozua kelele. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya watu wa Tanzania, na fedha hizo zikaelekezwa katika vitabu na mahitaji ya shule. Lakini ilipochelewa kulipa, waliowaita wakubwa wake na kuwahoji walikuwa Wabunge wa Uingereza. Tunawashukuru, na pia tunaona haya. Fedha ya Mwafrika isingojee Mbunge wa Ulaya aidai.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la taifa ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu, na msomaji wake wa kwanza anapaswa kuwa Mbunge.

MASWALI YA KUMPA MBUNGE

Ndugu zetu, lawama bila kazi ni kelele. Bajeti ina msimu wake kama mahindi. Kufikia mwisho wa Aprili makadirio ya matumizi hufikishwa Bungeni. Mei na Juni Kamati huyajadili, na Katiba inazitaka zipokee maoni ya wananchi. Kwa hiyo, kila mwaka kati ya Pasaka na mwezi wa Juni, tunaomba kila usharika, kila parokia na kila kundi la wapenda mageuzi katika Nakuru, Njoro, Molo, Kuresoi, Rongai, Subukia, Bahati, Gilgil na Naivasha limwalike Mbunge wake na kumwuliza maswali haya matano, kwa heshima na kwa sauti.

La kwanza: Mheshimiwa, jeshi lilipotumwa mara ya mwisho, ndani au nje ya nchi, ulipiga kura gani, na kabla ya kupiga ulijua kazi, mahali, muda na gharama?

La pili: je, taarifa ya mwaka ya Baraza la Usalama wa Taifa imefika Bungeni, na wewe umeisoma?

La tatu: Mkaguzi Mkuu amesema nini juu ya Wizara ya Ulinzi katika ripoti yake ya karibuni, na Bunge limefanya nini juu ya hayo?

La nne: wajane, mayatima na askari waliolemaa wa eneo bunge hili wamelipwa stahili zao? Umewatembelea wangapi?

La tano: vijana wetu wanapokwenda kuandikishwa jeshini, utahakikishaje kwamba anayechukuliwa ni mwenye nguvu na nidhamu, wala si yule ambaye baba yake ameuza ng'ombe kumlipa tapeli?

Majibu yaandikwe. Katibu wa kikundi ayaweke, na mwaka unaofuata yasomwe kabla ya maswali mapya. Asiyekuja aandikiwe barua, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa kanisa. Pia Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Hakuhitajiki chama, utajiri wala wakili. Na mwisho wa yote iko kura, katika uchaguzi mkuu ujao.

Wapo watakaotuonya kwamba tunaingiza siasa kanisani. Tunawajibu kwa upole. Nabii Samweli, watu walipotaka mfalme kama mataifa mengine, hakuwaambia hilo ni la siasa. Aliwahesabia gharama: wana wao watakaochukuliwa, mashamba yao, mazao yao. Naye Bwana wetu alitoa mfano wa mfalme ambaye, kabla ya kwenda vitani, huketi kwanza apige hesabu kama ataweza. Kuketi kwanza na kupiga hesabu: hiyo ndiyo kazi yote ya Mbunge katika ulinzi wa taifa. Hatumwombi zaidi ya hapo, wala hatukubali pungufu.

Wapo pia watakaosema tunawadharau wanajeshi. Hasha! Anayemheshimu askari hamtumi gizani. Hamnunulii kifaa kibovu kwa bei ya kifaa kizuri. Hamsahau akirudi na mkono mmoja. Tarehe 18 Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wenzake tisa, walikufa helikopta yao ilipoanguka kule Elgeyo Marakwet, walikokwenda kwa shughuli za amani ya Bonde letu la Ufa. Tuliwalilia. Kila anayevaa sare ana haki ya kujua kwamba kuna mtu Bungeni aliyeuliza, kabla yake kupanda, kama chombo kile ni salama.

Tunamaliza pale tulipoanzia. Asubuhi, upepo ukivuma kutoka Lanet, baadhi yetu husikia baragumu la kambi. Miaka mingi tumelisikia kama sauti ya watu wengine. Tangu leo tulisikie kama sauti ya watoto wetu, wanaolipwa kwa kodi yetu, wanaotumwa kwa jina letu. Na yule mama akituuliza tena Jumapili ijayo, tusimpe pole. Tumwandikie barua, tumshike mkono, twende naye kwa Mbunge.